Barua ya wazi kwa Mbunge wetu: kampeni yako ililipiwa na nani?

Mheshimiwa Mbunge,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Nilikupigia kura mwaka 2017, nikakupigia tena 2022, na kwa sababu hiyo naamini nina haki ya kukuuliza jambo hili mbele ya watu, maana faraghani nimekuuliza mara tatu na hukunijibu.

Jumapili iliyopita ulikuja kwenye harambee ya kanisa letu. Ulishuka kutoka gari la mfanyabiashara ambaye kila mtu hapa anajua kwamba huagiza sukari kutoka nje. Alichanga laki tano. Ukamshika mkono, ukauinua, ukasema huyu ni rafiki wa mkulima. Niliposimama kuuliza pesa zetu za miwa zitatoka lini, ulisema kanisani si mahali pa mambo ya biashara. Watu wakanivuta shati nikae, nami nikakaa. Lakini Mheshimiwa, zile laki tano zilikuwa mambo gani?

Marehemu baba yangu alikuwa mkulima wa miwa tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973. Alisomesha watoto saba kwa miwa. Mimi nina ekari mbili na watoto wanne, na nimeshindwa na mmoja. Ni miezi kumi na mmoja sasa tangu trekta zibebe miwa yangu, tani 58 kwa mizani ya kiwanda chenyewe. Miwa hiyo ilikaa shambani miezi kumi na minane. Mbolea nilichukua kwa mkopo wa chama, vibarua wa kupalilia niliwalipa taslimu. Sijapokea hata shilingi moja. Karatasi ya mizani ninayo, imeanza kufifia wino. Kijana wangu wa kidato cha tatu amerudishwa nyumbani mara mbili muhula huu kwa ajili ya karo. Ng'ombe wa maziwa nimemuuza. Chai tunakunywa ya rangi, na sukari yake tunainunua dukani kwa kupimiwa, ya shilingi ishirini, mama watoto aikoroge kwenye sufuria nzima. Sisi, Mheshimiwa! Wenye miwa!

Nikienda kiwandani naambiwa ghala limejaa, sukari haitoki. Mimi si mtaalamu wa uchumi, na huenda mashine chakavu na wasimamizi wabaya nao wamechangia. Lakini nakumbuka mwaka 2017. Kulikuwa na ukame, serikali ikaondoa ushuru wa sukari ya nje kwa tangazo la gazeti rasmi, na mwaka huo zikaingia karibu tani 990,000, wakati viwanda vyetu vyote vilizalisha chini ya tani 400,000. Nani alipata faida? Si baba yangu, aliyekuwa bado hai akingoja malipo.

Mwaka uliofuata wabunge walichunguza sukari hiyo. Ripoti ikaletwa Bungeni Agosti 2018, ikaangushwa. Wabunge wenyewe ndio waliosema hadharani kwamba baadhi ya wenzao walihongwa msalani, wengine kwa shilingi 10,000 tu. Wewe ulikuwa mbunge wetu wakati huo. Hujawahi kutuambia ulisimama upande gani. Siku ulipokuja kuomba kura ya pili, pale sokoni, juu ya gari lako, uliahidi kwamba mkulima atalipwa ndani ya siku thelathini. Nilikupigia makofi. Wanangu walikuwa pembeni yangu.

Ulikuja pia na helikopta. Fulana, mabango, magari kumi na mawili, vijana wa kulipwa kila jioni kwa miezi miwili. Sidhani mshahara wa mbunge unafika huko. Naamini kuna mtu alilipa, na naamini mtu huyo ndiye anayesikilizwa nikiambiwa nikae. Kama nimekosea, unisahihishe kwa hesabu.

Sheria ya kulazimisha wagombea waeleze pesa za kampeni zinatoka wapi ilipitishwa mwaka 2013. Katiba, kifungu cha 88, inaipa tume ya uchaguzi kazi ya kuweka kikomo cha pesa hizo. Tume ilipochapisha viwango mwaka 2021, Bunge lenu likavitupa, tukaingia uchaguzi wa 2022 bila kikomo chochote. Sasa 2027 inakuja, na rafiki wa mkulima ameanza kuzunguka nawe makanisani.

Nilikusudia kukuomba mengi. Ghala likaguliwe, deni lilipwe pamoja na riba, vibali vya kuagiza sukari vichapishwe na majina ya wenye navyo. Bado nayataka yote hayo. Lakini nimeandika na kufuta mpaka usiku huu, naona yote yanarudi palepale: sijui unamfanyia nani kazi.

Kwa hiyo naomba moja. Alhamisi ni siku ya soko. Njoo pale pale uliposimama 2022, ututajie kwa majina waliolipia kampeni yako, na walitoa kiasi gani. Huhitaji kungoja sheria wala tume ili ufanye hivyo. Nitakuwa mstari wa mbele na karatasi yangu ya mizani.

Wako kwa heshima,
Mkulima wa miwa, Kaunti ya Kakamega