Mmekata kanga ya bibi yangu ili ienee kwenye fremu

Tabata, Dar es Salaam
27 Machi 2025

Kwa Meneja,
Duka la Mapambo ya Nyumbani,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ODA YANGU YA UKUTA WA MAPAMBO YA TAREHE 3 MACHI 2025

Naanza na lililoniuma kuliko yote, kwa sababu mengine yana bei na hili halina.

Siku ya oda niliwakabidhi dukani kanga ya marehemu bibi yangu mzaa mama. Ni kipande kimoja cha doti, cha rangi ya machungwa, mji wake, yaani sehemu ya katikati, una korosho, na jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, ni WEMA HAUOZI. Kwenye fomu, sehemu ya maelezo, niliandika kwa mkono wangu, na kijana wenu wa kaunta akanisomea kwa sauti ili tuhakikishe: "Kanga itundikwe nzima kwenye ufito, isikatwe, isigundishwe, isiwekewe kioo." Nakala ya fomu hiyo nimeiambatanisha. Jumamosi tarehe 22 Machi mafundi wenu wameniletea kipande cha sentimita 40 kwa 50 kilichogundishwa kwenye kadibodi, ndani ya fremu nyeusi yenye kioo. Kimekatwa katikati ya mji. Pindo halipo upande wowote. Jina halipo.

Meneja, kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukiondoa pindo na jina umebaki na kitambaa. Bibi alifariki mwaka 2009, na doti ile waligawana mama yangu na mama mkubwa, kila mmoja akachukua kipande chake. Cha mama kilinifikia mimi. Mama mkubwa yupo Pangani na cha kwake amekitunza mpaka leo, kimekunjwa sandukuni pamoja na udi. Anakuja kwangu Idi hii. Nia yangu ilikuwa aingie sebuleni, amkute mwenzake wa kile cha kwake yupo ukutani, mzima, na jina linasomeka kutoka kwenye kochi. Hiyo ndiyo sababu nilitaka kazi iishe ndani ya Ramadhani, na hiyo nayo niliwaambia.

Sasa nieleze oda yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu naamini hamkuisoma. Tangazo lenu lilisema mnapanga ukuta wa mchanganyiko kwa vitu vya asili vilivyotengenezwa kwa mkono. Niliagiza vitu vinane na nikavichagua makusudi visifanane. Vitano vilitoka kwenu: mchoro wa Tingatinga wa ndege, kinyago cha uso cha mpingo, kawa mbili za ukili, na kioo chenye fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Lamu. Vitatu vilikuwa vyangu: kanga, picha ya marehemu baba aliyopiga studio akiwa kijana, na sinia ya shaba ya mama.

Sikuvichagua kwa kubahatisha. Jioni mbili nzima nilivipanga sakafuni juu ya mkeka, vingine nikavikatia magazeti kwa ukubwa wake, nikahamisha huku na kule mpaka jicho likatulia. Kisha nikayabandika magazeti ukutani kwa selotepu, nikapiga picha, nikawatumia kwa WhatsApp. Kanga ndiyo kubwa, nikaiweka kushoto ili ibebe uzito wa upande ule. Kawa na sinia ni vitu vya duara, nikavitia katikati ya vyenye kona, maana ukuta wa kona tupu unachosha. Kinyago ni cheusi na kizito, kikakaa jirani na picha ya baba ambayo nayo ni nyeusi na nyeupe. Kioo nikakielekeza dirishani kivute mwanga, kwa kuwa sebule yangu ina giza kuanzia alasiri. Baina ya kitu na kitu niliacha nafasi ya vidole vinne, na katikati ya mpangilio wote ni sentimita 150 kutoka chini, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Mlinijibu: "Tumepokea, imependeza sana."

Nilichokikuta niliporudi kutoka kazini ni fremu tisa nyeusi, zote sawasawa, zimepangwa tatu tatu kwa mistari mitatu, juu kiasi kwamba lazima uinue kidevu. Mdogo wangu aliyekuwepo nyumbani aliwaonyesha mafundi ile picha ya WhatsApp. Kiongozi wao akamjibu: "Tumewapangia vilingane, ndiyo inavyopendeza."

Neno hilo, vilingane, ndilo limeharibu kila kitu. Kosa halikuwa moja moja. Mtu mmoja kwenye karakana yenu aliamua kwamba kila kitu changu lazima kiingie kwenye fremu ya 40 kwa 50, na kisichoingia kikakatwa, kikabadilishwa au kikaachwa.

Mchoro wa Tingatinga niliouchagua ulikuwa wa mraba, sentimita 60 kwa 60. Mraba ule una asili yake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vibao vya mraba na rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli. Leo wachoraji wengi wamehamia kwenye turubai, lakini rangi ni ile ile, nzito, inang'aa, na ukipitisha kidole unahisi bawa la ndege limepanda juu ya rangi ya chini. Nilipitisha kidole kwenye mliouleta: laini kama kalenda. Ni karatasi iliyochapwa. Mmepiga picha mchoro niliouchagua mkauchapa, na kwa kuwa mraba hauingii kwenye fremu yenu, ndege wa pembeni hawana mikia na saini ya mchoraji imekatwa nusu. Jana Jumatano nilipita dukani kwenu. Mchoro wenyewe bado umetundikwa nyuma ya kaunta, na kile kikaratasi chenye namba ya oda yangu bado kimebandikwa nyuma yake. Nimeupiga picha. Nililipa shilingi 220,000 kwa ajili ya ule, na aliyeuchora anastahili iuzwe kazi yake yenyewe, siyo kivuli chake.

Kawa sikuletewa. Nimeletewa picha za kawa, mbili, ndani ya fremu. Kawa ni ya kufunikia chakula, imesukwa ikainuka kama kofia, na ndiyo maana nilizitaka: taa ikiwaka zinatupa kivuli cha duara ukutani, na rangi za ukili zinabadilika ukisogea. Picha ya kawa haina kivuli.

Sinia ya mama niliikuta jikoni, imeegemezwa kwenye mtungi wa gesi. Fremu haikuitosha, basi ikaachwa. Mahali pake, na mahali pengine pawili ili zitimie tisa, mmeweka mabango yenye maneno ya Kiingereza ambayo sikuyaomba na siyataki.

Kinyago mlikigundisha ndani ya fremu ya kina. Usiku wa kuamkia Jumatatu, tukiwa tumeamka kwa daku, kilianguka chenyewe. Namshukuru Mungu mtoto hakuwa chini yake. Nilipokiokota nikashtuka jinsi kilivyo chepesi. Mimi nimekwenda sana Mwenge kwa wachongaji, na tangu mdogo najua mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Nikajaza beseni. Kinyago kikaelea, na baada ya dakika chache maji yakawa meusi. Ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Sisemi mti mwingine ni mbaya. Vipo vinyago vizuri sana vya mbao nyepesi, na ningeambiwa ukweli pengine ningenunua kwa bei yake. Niliandikiwa "mpingo halisi" kwenye risiti na nikatozwa shilingi 180,000.

Picha ya baba haijaharibika, lakini itaharibika. Mmeibana moja kwa moja kwenye kioo. Kwa unyevu wa mji huu, mvua za masika zikianza kuchanganya, picha ya zamani inagandana na kioo na siku ukiitoa inabaki na nusu ya uso. Huwa inawekewa ukingo wa karatasi ngumu kuizunguka ili kioo kisiiguse. Hilo fundi wa fremu yeyote wa Kariakoo analijua, na ni kazi ya nusu saa.

Kioo cha Lamu ni kizuri. Nakisema kwa moyo mweupe: uchongaji ni wa mkono, maua yake hayarudiani hata mawili, na aliyekifanya ni fundi kweli. Mmekitundika peke yake nyuma ya mlango, karibu na swichi, mahali ambapo mlango ukifunguliwa hakionekani.

Na kwa sababu Lamu imetajwa, naomba niongeze jambo. Kijana wenu aliniambia kwenye simu kwamba kuchanganya vitu ni mtindo wa kigeni na wateja wengi wa hapa wanapenda mpangilio safi. Nimefika Lamu. Katika nyumba za zamani za mawe, chumba cha ndani kina zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyochongwa ukutani safu juu ya safu. Humo walipanga sahani na mabakuli ya Kichina, vitabu na vitu vyao vya thamani, kila kimoja na asili yake. Vishubaka vyenyewe vilikuwa kwenye mistari, tena mistari mizuri. Lakini hakuna aliyekata bakuli ili lienee. Basi tusiambiane kwamba ni ugeni. Wazee wa mwambao walijua kuweka kitu kilichotoka ng'ambo jirani na kilichotoka nyumbani, na vyote vikaheshimiwa kwa umbo lake.

Jumatatu hiyo hiyo nilipiga simu kuhusu kanga. Nilijibiwa hivi, na nilikiandika nikiwa bado kwenye simu: "Kanga zipo tele Kariakoo, dada, tutakununulia nyingine." Aliyejibu hakuwa na ubaya, nadhani alitaka kusaidia. Lakini mimi sikuleta kanga dukani kwenu kwa kukosa kanga. Ile ilikuwa imepauka upande mmoja kwa sababu bibi alikuwa akiianika sehemu ile ile ya kamba, na kwenye pindo ilikuwa na kiraka kidogo alichokishona mwenyewe kwa uzi mweupe, kwa vile macho yalikuwa yamechoka na hakuona kuwa si wa machungwa. Kariakoo hiyo haiuzwi.

Madai yangu ni haya. Oda yote nililipa shilingi 980,000. Mchoro wenyewe ulio nyuma ya kaunta uletwe kwangu, kwa kuwa umeshalipiwa. Nirudishiwe shilingi 180,000 za kinyago, 60,000 za kawa, 70,000 za ufito ambao haukutengenezwa na 150,000 za kazi ya kupanga na kutundika, jumla shilingi 460,000. Fundi aje na ukingo aitengeneze picha ya baba mbele yangu, aondoe fremu zenu, na azibe na kupaka rangi matundu yaliyobaki ukutani. Kutundika upya nitatundika mwenyewe na mdogo wangu. Kioo nabaki nacho na sidai chochote juu yake.

Nawapa siku 14 kuanzia leo. Zikipita bila jibu la maandishi nitapeleka fomu, risiti, picha na kinyago chenyewe Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa anayouziwa. Sipendi tufike huko.

Lakini kuna jambo moja haliwezi kungoja siku 14. Kanga nzima ina urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa zaidi ya mita moja. Mlichonirudishia ni sehemu ndogo tu. Zilizobaki zilikwenda wapi? Naomba leo hii, kabla karakana haijafagiliwa kwa ajili ya sikukuu, mtu atafute kwenye vipande vya kutupa, chini ya meza ya kukatia, kwenye mifuko ya taka, hata kwenye matambara ya kufutia gundi. Natafuta kitambaa cha rangi ya machungwa chenye maandishi WEMA HAUOZI, na pindo lolote lenye kiraka cha uzi mweupe. Hata kikiwa na gundi, hata kikiwa kimechafuka. Mama mkubwa anajua kushona, na kipande chake kitatuonyesha kila kitu kilikaa wapi. Atakayekiona asikifue wala asikipige pasi. Akikunje tu, akiweke kwenye bahasha kaunta, anipigie simu kwa namba iliyo kwenye fomu, hata kama ni usiku. Nitakifuata mwenyewe.

Wenu,

Mteja wa oda ya tarehe 3 Machi 2025

Viambatanisho: nakala ya fomu ya oda, risiti, picha ya mpangilio niliowatumia, picha ya ukuta ulivyo sasa, picha ya mchoro ulio dukani kwenu.