Bibi wa ubeti wa mwisho

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu,

Barua hii nimeiweka chini ya nguo zako kwa sababu ana kwa ana nitashindwa. Juzi usiku nilikusikia ukijisomea utendi wako chumbani, toka yule mtoto anayepikia kifuu uani hadi bibi kizee. Nilikuwa nahesabu mizani kwa vidole gizani. Minane minane, hakuna kipande kilichochechemea. Nilijivuna, mama. Ila ubeti wa mwisho umeninyima usingizi. Yule bibi aliyekaa mkekani peke yake, anaitikia hodi ambayo haikupigwa, ni nani?

Unakwenda kuusoma utendi huo Lamu, mbele ya watu waliolelewa na tendi. Kisiwa cha Pate, kwa Mwana Kupona, yule mtunzi wa utendi wa zamani, si mbali na hapo. Yule mama alimtungia bintiye utendi wa wosia mwaka 1858, akiwa na mwaka mzima wa maradhi, lakini hakujitunga peke yake. Binti anaitwa asogee na wino na karatasi. Basi na wewe mpe bibi wako mtu. Hata mjukuu wa kumchotea maji.

Unyago umeutunga kwa heshima, ya ndani umeyaacha ndani. Lakini harusi ikiisha tu, mwanamke ana mvi! Katikati hapana kitu? Hapo ndipo mtu anaamka saa kumi alfajiri kupika vitumbua, anazika mume, anadaiwa kikoba na ada ya shule wiki moja. Ulikuwa humu humu ndani, hukuyaona? Au mimi ndiye sikuyasema.

Na ule ubeti wa daftari lililowashiwa jiko. Ilikuwa masika, mkaa umelowa, wateja wamesimama na sahani zao. Sikujua ni mashairi. Kwamba ni mwandiko wako nilijua. Usome, usiufute.

Hati ya kusafiria ifunge kiunoni, si kwenye mkoba. Pale mpakani Horohoro usimshikie mtu mzigo, hata akiwa mama mwenye mtoto. Mokowe mtapanda boti, vaa jaketi la kuokolea hata wenzako wakikucheka. Una kiburi cha kuogopa kuonekana mshamba, umekitoa kwa baba yako.

Nimekufungia vitumbua na chupa ya chai. Fundi bati kachukua hela ya misumari, hajarudi. Luku zimebaki uniti sita, kaka yako kaahidi kununua kesho, na ahadi zake unazijua. Ukipata kanga nzuri huko nichukulie doti moja, jina lake lisiwe la mafumbo ya mke mwenza.

Ukifika nipigie. Uniambie yule bibi ni nani kabla hujapanda jukwaani. Kama ni mimi, mlango wa uani siutii komeo mpaka saa nne usiku, na mkeka nauanika kila Jumamosi.

Mama yako