Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: maji kung'aa si kuwa safi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nalima mchicha na figiri kusini mwa mji wa Moshi kwa maji ya mfereji. Mwezi uliopita, alfajiri, nilichota maji kwa ndoo nyeupe nikakuta ni ya zambarau, yana povu lisilokatika. Simnyooshei mtu kidole, kwani sikuona yalikotoka. Nilifunga mfereji, matuta yakashinda na kiu siku mbili. Maji yenyewe yaliendelea na safari. Mito yetu huishia bwawa la Nyumba ya Mungu, na huko watu wanavua.

Naomba uwahimize wenye viwanda wajaribu kusafisha majitaka yao kwa vimeng'enya, yaani protini za viumbe hai zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Wapika mbege wanaijua kazi yake hata kama hawalitumii jina hilo: ulezi ukioteshwa, vimeng'enya vyake huukata wanga kuwa sukari, ndiyo maana kimea kina utamu ambao ulezi mkavu hauna. Kuvu wanaoozesha magogo nao wana chao, lakasi, ambacho kilitambuliwa Japani mwaka 1883 kwenye utomvu wa mti. Hicho hutumia oksijeni ya hewa kuzivunja rangi nyingi za nguo pamoja na fenoli, jamii ya kemikali ambazo nyingi ni sumu. Shabu, ile chumvi ya kutuamishia uchafu wa maji, huituamisha rangi tu, ukabaki na tope la kutafutia pa kulitupa.

Asije mtu akakuuzia dawa ya kila kitu, Mheshimiwa. Maji yakichemka, au yakizidi asidi, kimeng'enya huharibika. Kromiamu ya kusindikia ngozi hakiimalizi, maana metali haivunjiki. Na linaloninyima usingizi ni hili: rangi za azo, kundi kubwa la rangi za nguo, zikikatwa na bakteria pasipo hewa, maji hung'aa kabisa, kumbe yamebaki na amini, kemikali zisizo na rangi zitokanazo na kukatwa huko, na baadhi yake huleta saratani. Mkaguzi anayetazama kwa macho atapitisha maji hayo, nami nitayamwagilia mboga za watoto wa watu.

Kwa hiyo tuanze na kiwanda kimoja kitakachokubali, tangi moja dogo pembeni, kimeng'enya kikiwa kimenaswa kwenye chembechembe ili kitumike tena na tena, maana bei yake si ndogo. Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha ina wataalamu wa maji. Waombwe wapime amini na sumu, si rangi peke yake, kisha majibu yabandikwe ofisi za kata ambako sisi wakulima tunafika.

Asubuhi ile nilijaza chupa mbili. Nimezifunga na kuzihifadhi gizani. Mtaalamu wako akizihitaji, nitamletea mwenyewe.

Mkulima wa bondeni, Moshi