Maji ya Jagi ni ya Bure, Lakini Hayatoki Bombani

Juma lililopita mteja mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, aliikataa bili ya mkahawa wetu hapa Kampala mbele ya wageni aliokuja nao, kwa sababu ilikuwa na shilingi 8,000 za chupa nne za maji. Alisema kwamba yeye aliomba maji tu, hakuomba chupa, na kwamba mkahawa wowote unaojua adabu humpa mgeni maji ya kunywa bila malipo. Mhudumu wetu naye alieleza kwamba alipomuuliza anataka maji gani, alijibiwa, "Lete maji, nyabo, tuna kiu," (nyabo ni "bibi" kwa Kiganda), ndipo akaleta ya chupa na kufungua vifuniko mbele ya macho yao. Niliwasikiliza wote wawili na nikaona kwamba hakuna aliyesema uongo. Tukafuta chupa mbili, mzee akalipa mbili, akaondoka bila kuaga.

Lau ingekuwa mara ya kwanza ningenyamaza. Lakini lalamiko hili hutufikia karibu kila mwezi, na kila mara mmoja wa pande mbili huondoka akijiona amedhulumiwa, kwa hiyo nimeona ni afadhali nilieleze jambo lenyewe kwa maandishi.

Maji ya bure yapo, na yamekuwapo tangu tulipofungua mlango wetu hapa Kisenyi. Sisi tunayaita maji ya jagi. Wenyeji wa Kampala huyaomba kwa Kiganda, "amazzi amafumbe", yaani maji yaliyopikwa, na mhudumu akisikia hivyo haulizi swali la pili. Shida huwapata zaidi wageni wetu wanaozungumza Kiswahili, wale wanaoshuka kwenye mabasi kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, pamoja na wale wanaoteremka kutoka kwenye mnara wa msikiti mkuu wa Old Kampala wakiwa wamepanda na kushuka ngazi zaidi ya 300. Mtu wa namna hiyo huingia, huketi, husema "maji", na katika mji huu neno hilo likisemwa peke yake mbele ya mhudumu humaanisha chupa iliyotoka kwenye friji. Mgeni hakukosea kuomba, na mhudumu hakukosea kuleta. Kilichokosekana ni neno moja tu: jagi.

Wapo wateja wanaonikumbusha kwamba ng'ambo jambo hili ni sheria. Ni kweli. Huko Uingereza, tangu mwaka 2010, mahali penye leseni ya kuuza pombe ya kunywewa hapohapo panalazimika kumpa mteja maji ya bomba bila malipo akiyaomba. Ufaransa jagi la maji mezani ni desturi ya siku nyingi, na tangu mwaka 2022 mkahawa unatakiwa uonyeshe wazi kwamba maji hayo yanapatikana bure. Marekani mhudumu humimina maji yenye barafu kabla hujasoma orodha ya vyakula. Kijana mmoja aliyerudi kutoka London alinieleza haya yote kwa kirefu huku sahani yake ya pilau ikipoa. Nilimwambia, kwanza, sisi hatuuzi pombe. Pili, na hili ndilo kubwa, wenzetu hao hufungulia bomba, hujaza jagi, na kazi imekwisha. Hapa kwetu bomba ndipo kazi inapoanza.

Maji yanayotufikia huvutwa kutoka Ziwa Viktoria, husafishwa na kutiwa klorini katika mitambo kama ile ya Ggaba, kisha mengine hupandishwa kwenye matangi ya kilima cha Muyenga ndipo yateremke mjini. Yakitoka mtamboni huwa salama. Njiani ndiko kwenye mambo mengi. Bomba linaweza kupita kandokando ya mtaro wa majitaka, maji yakikatika shinikizo hushuka, na palipo na ufa uchafu hupata nafasi ya kuingia. Kisha yanapofika kwetu huingia kwenye tangi jeusi la plastiki juu ya paa, ambalo hata ukilisugua kila mwezi haligeuki kuwa mtungi wa kunywea. Siku ambazo bomba ni kavu tunanunua kwa jerikani, yale madumu ya njano, kutoka kwa vijana wa mikokoteni, na kila kijana anaapa kwamba ameteka bombani wala hakuteka kwenye chemchemi ya bondeni. Mwaka 2015 ulipozuka mlipuko wa homa ya matumbo katikati ya Kampala, ni maji na vinywaji vilivyokuwa vikiuzwa mitaani ndivyo vilivyotiliwa shaka. Sisi tulio kwenye biashara ya chakula hatujausahau mwaka ule, maana mikahawa iliyokuwa safi na iliyokuwa michafu ilikimbiwa sawasawa.

Ndiyo maana nasema maji ya jagi hupikwa kama unavyopikwa wali. Jioni tunajaza pipa lenye mfuniko na kuliacha litulie usiku kucha ili tope lishuke chini. Saa kumi na moja alfajiri mpishi huteka ya juu kwa utaratibu, huyachuja kwa kitambaa cheupe ambacho hakifanyi kazi nyingine yoyote, kisha huyaweka kwenye sufuria kubwa juu ya sigiri. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayangoji kufika 100. Kwa mwinuko huu dakika moja ya mchemko mkali inatosha kuua vijidudu, lakini sufuria yetu ni pana na sina imani na pembe zake, kwa hiyo huachwa ichemke dakika tano. Simaanishi yale mapovu madogo ya pembeni ambayo wapishi wavivu huyaita mchemko. Nataka yapinduke kutoka chini. Baada ya hapo maji hupoa humohumo yakiwa yamefunikwa, ndipo yahamishiwe kwenye chombo chenye bomba dogo chini, kwa sababu kikombe kinachochovywa na mikono kumi huharibu kazi yote ya alfajiri. Majagi nayo huoshwa kwa maji ya moto. Maji ya jana hayapewi mteja wa leo. Hayo huenda kupiga deki.

Kuna wanaosema maji yetu yana harufu ya moshi. Yanayo kidogo, siwezi kukana, kwa kuwa yamekaa juu ya makaa. Mama yangu alikuwa akiufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kuujaza, na hapa Uganda wazee hufanya vivyo hivyo, na enzi hizo harufu ya moshi ndani ya maji ilikuwa sifa ya nyumba. Siku hizi ni lalamiko. Haya.

Sasa tuzungumze gharama, kwa sababu neno "bure" humfanya mtu adhani kitu hakina bei. Kwa kipimo cha jiko letu, jerikani moja ya lita 20 hula karibu kilo moja ya makaa mpaka ichemke ipasavyo, nasi huchemsha nne kwa siku ya kawaida na sita siku ya Ijumaa. Kwa hiyo kilo nne za makaa hugeuka majivu kwa ajili ya maji tu. Mwezi Mei 2023 Rais alipotoa amri ya kupiga marufuku biashara ya makaa kutoka wilaya za kaskazini, bei ya gunia ilipanda hapa mjini, nasi hatukuongeza hata shilingi moja kwenye jagi, kwa sababu sifuri ukiiongeza haiwi sifuri tena. Gharama hiyo tuliibeba ndani ya bei ya chakula, na ndiyo sababu mojawapo ya pilau yetu kuzidi ya jirani kwa shilingi 1,000.

Chupa ya nusu lita tunaiuza shilingi 2,000, na duka lililo ng'ambo ya barabara huiuza 1,000. Nimekwisha kuitwa mwizi kwa tofauti hiyo. Duka lile hukupa chupa mkononi nawe ukaondoka. Sisi tunakupa kiti, glasi iliyooshwa, friji inayokula umeme usiku na mchana, na mtu anayesimama karibu nawe muda wote unaokula. Asiyetaka kulipia hayo ana jagi. Sijawahi kumlazimisha mtu chupa, na mhudumu atakayefanya hivyo nitakuwa na maneno naye.

Kinachonisikitisha kuliko bili zinazokataliwa ni njia ya mkato. Mlangoni pana bomba la kunawia mikono, limeunganishwa moja kwa moja na tangi la paa, na juu yake tumeandika kwa rangi nyekundu kwamba maji yake si ya kunywa. Kila siku ninamwona mtu amejificha kidogo nyuma ya mlango akijaza chupa yake hapo. Abiria mmoja wa basi la usiku alijaza chupa ya lita moja na nusu, na nilipomwambia jagi ni bure alijibu kwamba hakutaka kutusumbua. Siku ya tatu alipiga simu kwa kelele, akisema amelala kwenye mkeka tangu jana akiharisha na kwamba samaki wetu ndiye aliyemuua. Wenzake watatu walikula samaki yuleyule kwenye meza ileile na walikuwa wazima. Siwezi kuapa kwamba ni maji yale, lakini fedha alizotumia kwa vipimo, dawa na siku mbili bila kazi zingemnunulia katoni nzima ya maji ya chupa na chenji ikabaki.

Na huyo aliona matokeo upesi. Homa ya matumbo huweza kuchukua wiki moja hadi tatu kabla ya kujitokeza, na muda huo ukishapita hakuna anayekumbuka bomba alilonywea. Hukumbuka chakula cha jana, na jina la mkahawa wa jana ndilo linalotajwa kliniki. Kwa hiyo unapokunywa maji ya kunawia ili kukwepa aibu ya kuomba, unajiweka hatarini wewe, nami pia.

Barafu ni ndugu wa jambo hilo. Mama mmoja aliyekuja na kundi la harusi alilalamika kwamba maji ya jagi yana uvuguvugu, akamtuma mtoto kununua barafu ya mfuko barabarani ili aitie ndani. Nilimwambia, "Niwie radhi, Hajati," nikalitoa jagi mezani. Hakufurahi. Barafu ile ni maji ya mtu nisiyemjua, na ugumu wake hauhakikishi kwamba vijidudu vimekufa. Tangu siku hiyo tunaweka majagi matatu kwenye friji kwa ajili ya anayetaka baridi, lakini yakiisha yameisha mpaka mengine yapoe.

Kuna pia wale wa limau. Mteja huagiza chapati moja, huomba jagi, huomba vipande vya limau "vya kuondoa shombo", huvuta kopo la sukari lililo mezani, na baada ya dakika mbili meza nzima inakunywa juisi. Nawapongeza kwa ubunifu. Limau la pili tunalitoza shilingi 500, na tunalitaja kabla ya kulileta, hivyo pasiwe na mshangao wakati wa bili.

Tunachoomba kwenu ni kidogo. Taja jagi unapoagiza chakula, usingoje mpaka sahani iwe imekauka na wahudumu wamezidiwa na watu wa adhuhuri. Kama mko wanne, jagi moja la lita mbili linatosha kuanzia, na likiisha litajazwa bila manung'uniko. Msiagize mawili mkaacha moja limejaa, kwa kuwa jagi likishakaa mezani kwenu hatuwezi kumpelekea mtu mwingine, hata kama hamkuligusa, na maji yaliyogharimu makaa ya alfajiri huishia kwenye ndoo ya deki. Mkileta soda au juisi ya nje, tafadhali msiombe glasi zetu za kuimiminia. Mhudumu akikuuliza, "Ya jagi au ya chupa?" usidhani anakupima mfuko, tumemfundisha aulize hivyo kwa kila mtu, awe na tai au awe na ndala.

Asiyekula kwetu naye hanyimwi. Dereva wa bodaboda akisimama mlangoni akaomba maji, hupewa glasi moja, huinywa hapohapo, hushukuru, huenda zake. Mwezi wa Ramadhani, wakati wa kufuturu, maji na tende viko mezani kwa kila anayeingia, na hatuulizi kama ataagiza. Ila kundi linaloketi meza ya watu sita saa ya chakula cha mchana kwa jagi moja na simu mbili za kuchaji litaombwa kwa upole liwapishe wengine.

Kuanzia Jumatatu orodha yetu ya vyakula itakuwa na mstari mpya juu kabisa: "Maji ya jagi, yaliyochemshwa: bure kwa anayekula. Maji ya chupa: 2,000." Wasafiri wa mabasi ya usiku tutawajazia chupa moja kwa kila sahani, kutoka jikoni, mradi chupa iwe safi na iletwe kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu sufuria ya mwisho huteremshwa saa tisa na maji yake huchukua takribani saa tatu kupoa.