Ami, usimpe kalamu mpaka nifike

Ami yangu, shikamoo.

Najua hupendi mambo ya ukoo kuanikwa hadharani, lakini hili si la ukoo tena. Tangu picha yako na yule kijana ilipozagaa, yule straika ambaye kamati yenu inataka kumsajili kwenye klabu, mmekaa barazani na vikombe vya kahawa mikononi, hakuna mtu baina ya Wete na Darajani asiyekuwa na lake. Juzi nimo kwenye daladala ya Fuoni, watu wawili wasiokujua wanabishana juu yako. Mmoja anasema yule mzee kaokota dhahabu. Mwengine anasema kanunua gunzi, mahindi washakula wenzake. Nikashuka kituo kimoja kabla ya changu, maana ningekaa zaidi ningejibu.

Sasa najibu hapa. Nianze na la mwisho ili usisome huku umekunja uso: msajili. Ila si kwa sababu uliyoitoa wewe, na si kwa mkataba ninaousikia.

Sababu yako ni jina. Ulisema kwenye grupu letu kwamba jina lake peke yake litaujaza uwanja wa Gombani. Ami, Gombani niliiona imejaa kwa macho yangu, tarehe 13 Januari 2025, fainali ya Kombe la Mapinduzi, Zanzibar Heroes wanaifunga Burkina Faso mbili moja. Wewe ulikuwa mbele yangu, kofia umeivua unaipunga. Nani siku ile alilipa kiingilio kwa ajili ya jina la mtu mmoja? Na mwaka mmoja kabla, pale Amaan, Mlandege walibeba kombe hilo hilo kwa kuwafunga Simba bao moja bila, na walikuwa washalibeba 2023. Ukiyapanga majina ya siku ile kwenye karatasi, upande wa Simba ungeujaza wino. Jina litakupa mechi moja ya watu wengi. Ya pili watakuja kuangalia kama anafunga, na ya tatu watabaki majumbani.

Upande wa pili wako hao wanaosema amekwisha. Msimu mzima bara hajafunga hata bao moja, basi keshachuja, mwacheni akauze duka. Hao nao wananiudhi, pengine zaidi yako, kwa sababu wanasema kwa uhakika wa watu wasiowahi kuumwa.

Unamkumbuka babu na mikarafuu yake. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Ukizaa sana mwaka huu, mwaka wa pili unaweza kukupa pishi mbili tatu ukalia. Babu hakuukata kwa hilo. Lakini pia kuna mkarafuu unaokauka kuanzia kileleni, na huo ukiusubiri unasubiri kuni. Kwa mbali yote miwili ni ile ile, haina karafuu. Babu alikuwa anavunja kijiti, anakitazama ndani kama kina maji, ndipo anasema. Nyinyi wa kamati na hao wa daladala hamjavunja kijiti. Mnabishana mkiwa barabarani.

Chukua mfano wa Fernando Torres, yule straika wa Hispania, maana najua hadi leo unamtaja kwa uchungu. Pale Liverpool mabao 65 katika mechi 102 za ligi. Januari 2011 Chelsea wakatoa pauni milioni 50. Lakini aliyekwenda Chelsea alikuwa ameshapasuliwa goti mwaka mmoja nyuma, na msimu ule alikuwa tayari amepungua, kila mwenye macho aliona. Ile mbio yake ya kumtoka beki kwa hatua mbili, ambayo ndiyo ilikuwa mtaji wake wote, ilikuwa imebaki hatua moja. Tena alihamia timu ambayo wapinzani wanajirundika mbele ya goli lao, hapana nafasi ya kukimbilia. Alikaa mpaka mwishoni mwa Aprili ndipo akapata bao la kwanza. Jumla yake pale ni mabao 20 katika mechi 110 za ligi. Watu wa Chelsea watakuletea lile bao aliloifunga Barcelona 2012, na kweli lilikuwa tamu, mie mwenyewe nilipiga kelele jirani akagonga ukuta. Lakini bao moja halirudishi milioni 50. Chelsea walinunua kumbukumbu.

Halafu hoja yangu inachechemea mara moja, kwa sababu yupo Falcao, straika wa Colombia. Huyu naye goti, Januari 2014, akakosa na Kombe la Dunia. Akaenda Manchester United kwa mkopo, mabao manne katika mechi 26 za ligi. Akaenda Chelsea, bao moja. Miaka miwili Uingereza, timu mbili, mabao matano ya ligi. Ungeniuliza wakati ule ningekwambia kijiti kimekauka, kata. Akarudi Monaco, msimu wa 2016/17 akafunga 21 kwenye ligi, kitambaa cha unahodha mkononi, na wakabeba ubingwa wa Ufaransa. Kwa hiyo goti peke yake si hukumu. Falcao alirudi alipokwenda mahali ambapo walimjua, walimpa muda, na waliucheza mpira unaomfika yeye.

Na usinitajie Fei Toto, Feisal Salum. Najua utamtaja, kila mtu anamtaja. Ni kweli mtoto wetu alikaa karibu nusu msimu bila ya kucheza kwa mgogoro wa mkataba na Yanga, Azam wakamchukua katikati ya 2023, na msimu uliofuata akafunga mabao 19 ya ligi, akazidiwa na Aziz Ki wa Yanga peke yake. Lakini Fei alikuwa nje ya uwanja, hakuwa ameporomoka ndani yake. Hayo ni maradhi mawili tofauti. Ungeniletea Paolo Rossi ningekusikiliza zaidi. Kafungiwa kucheza miaka miwili, karudi kacheza mechi tatu tu za ligi, kocha Bearzot akamchukua Kombe la Dunia la 1982. Mechi nne za mwanzo hakufunga kitu, Waitalia wanasaga meno. Mechi ya tano akawatia Brazil matatu, nusu fainali mawili, fainali moja. Yule kocha alikuwa anaona kitu gani katika zile mechi nne? Hilo ndilo suali lililonitoa nyumbani.

Ndiyo Ami, nilikwenda kumtazama. Mara tatu, mbili uwanja wa Mao na moja ya kirafiki huko huko Fuoni, na daftari la skuli la mtoto nikalimaliza. Watu walidhani natoka gazetini.

Mechi ya mwanzo ilinivunja moyo. Kipindi chote cha kwanza aligusa mpira mara sita, na mara nne kati ya hizo alikuwa ameteremka mpaka katikati ya uwanja kuufuata mwenyewe. Unajua maana yake. Straika anayeteremka vile ameshakata tamaa ya kuletewa, kama mgeni anayeinuka mkekani kwenda kujipakulia jikoni. Mashabiki walimpigia makofi, wanasema leo anajituma. Mie niliandika: anajificha.

Ya pili alikosa mabao mawili ya wazi kabisa. La kwanza alilipaisha, la pili lilimpita chini ya mguu, uwanja mzima ukamzomea, na mzee mmoja nyuma yangu akasema maneno ambayo sitayaandika mwezi huu. Mie nikatia alama ya vyema. Kwa nini? Kwa sababu alikuwepo. Mpira ulipokatwa kutoka kulia, beki alikuwa anautazama mpira, yeye alikuwa ameshamtoka mgongoni yuko mita mbili na goli. Hiyo haifundishwi kwa wiki moja na haipotei kwa msimu mmoja. Mshambuliaji anayekosa, mguu wake una shida. Asiyekosa kwa sababu hafiki, huyo ndiye wa kumwogopa. Bara walimhesabia mabao, wakaona sufuri. Hakuna aliyemhesabia kufika.

Ya tatu, Fuoni, ndiyo iliyonitia wasiwasi, na ndiyo iliyonifanya niandike. Kila akiruka kichwa alitua kwa mguu wa kulia. Kila akigeuka aligeukia upande mmoja. Dakika za mwisho, kona imepigwa, mkono uko nyuma ya paja. Labda si kitu, labda alilala vibaya kwenye boti. Lakini nilimuuliza kijana wa timu yao kama amewahi kuumia, akaniambia "hapana, yuko fiti" kwa haraka mno. Jibu la namna hiyo nimewahi kulisikia nikinunua jokofu lililokwisha tumika, na leo ni kabati langu la vyombo.

Kwa hiyo kabla ya kalamu, daktari amtazame goti. Daktari, Ami, si yule bwana wa kuchua, ingawa namheshimu.

La pili ni chakula chake. Nani atamlisha? Winga wetu wa kulia ameondoka, kaenda kwenye timu ya kikosi cha serikali, na simlaumu. Kule anapata ajira na mshahara wa mwisho wa mwezi. Sisi tulikuwa tunampa nauli na chai. Timu yetu sasa ni beki anapiga mrefu na kila mtu anaomba dua. Ukimweka huyu kijana mbele ya mpira wa aina hiyo, atateremka tena katikati kuutafuta, na Machi utaniambia amekwisha. Ukiwa na pesa ya mtu mmoja, mimi ningetafuta kwanza wa kupiga krosi. Kama zipo za wawili, mlete na yeye.

Na mkataba. Nasikia miaka miwili, fedha mkononi, na nyumba Machomane. Sitaki kuamini. Mpeni mpaka mwisho wa msimu. Sehemu ya fedha afuate mechi alizocheza, ndiyo dawa ya goti lenye siri. Na msimwekee zawadi nono ya kila bao, najua mdau mmoja ameshaahidi. Straika mwenye kiu ukimwekea bei juu ya bao anapiga kutoka popote, hata kona, na wenzake wanaacha kumpa.

Sasa nifike ninapoumia mwenyewe. Unakumbuka yaliyompata kaka yangu. Klabu siitaji. Miaka kumi na tisa, mabao saba msimu ule, amepanda kutoka ligi ya vijana ya Central kwa miguu yake. Wakaleta jina. Jina lilicheza mechi tano, likachukua fedha ya kianzio, likapanda boti. Kaka alikuwa ameshakaa benchi nusu msimu, hakuna aliyemwambia kwa nini, na waliporudi kumtafuta alikuwa ameshazoea bahari. Leo anavua dagaa usiku, mchana analala, na mpira ukiwekwa kwenye televisheni anatoka nje. Wewe mwenyewe ulisema siku ile, umesimama mlangoni kwetu, kwamba kamati ile haina haya. Leo kamati ni wewe.

Na mnaye kijana wa namna ile ile. Yule mwembamba anayevaa daluga za kuazima, namba moja zaidi ya mguu wake, anatia soksi mbili. Nimemwona mazoezini mwezi uliopita. Hajui kusimama bado, anakimbilia kila mpira, lakini ana mguu. Kile anachokikosa yeye, kufika, ndicho alichonacho huyu mkubwa. Na kile alichokipoteza mkubwa, ile roho ya kupiga bila kufikiri, mdogo anacho mpaka kinamwagika. Wacheze pamoja. Akiletwa mmoja amkalishe mwengine, basi mie niko na watu wa daladala, na nitasema hivyo nikishika chuma.

Tena mwambie kijana mdogo mapema, kabla ya picha. Umwite nyumbani, umwambie wewe mwenyewe, asisikie kwenye simu.

Nakuja Ijumaa na boti ya asubuhi. Daftari ninalo, na yale maandazi ya Mama Mdogo uliyoyaagiza. Jioni twende Gombani tukamtazame akitua, mimi nitakaa upande wa kushoto wake, wewe kaa kulia. Saini ingoje mpaka Jumamosi.

Mwanao,
wa kaka yako mkubwa