Bango lina anwani yake, simu ya mteja iachwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye maduka, hoteli na taasisi zinazobandika mabango yenye msimbo wa QR. Siku hizi mtu anaskani bango aone bei tu, na kabla hajaiona simu inamuuliza kama anairuhusu tovuti ijue mahali alipo. Wengi hubonyeza "Ruhusu" ili wapite. Mwenye bango anachotaka ni kujua bango lipi linaskaniwa zaidi, la Kariakoo au la Mwenge. Jibu hilo halihitaji GPS ya mteja, yaani kipimo cha mahali kwa setilaiti, hata kidogo.

Vile vimraba vyeusi na vyeupe vya msimbo wa QR havijui lolote. Ni maandishi, mara nyingi anwani ya tovuti. Ukishaskani, kivinjari huenda kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na seva ndiyo inayoandika: saa, aina ya simu, lugha yake na anwani ya IP, yaani namba inayotumika kuunganisha kifaa kwenye intaneti.

Hiyo IP ndiyo inayopotosha watu. Kampuni za simu hupitisha wateja wengi kwenye anwani chache za pamoja, na hifadhidata za maeneo mara nyingi huzihesabu anwani hizo kuwa ziko pale ilipo mitambo ya kampuni. Mtu yuko Mbeya, ramani inamwonesha Dar es Salaam. Nchi kwa kawaida utaipata. Mji usiutegemee, na mtaa usiuwaze kabisa. Nasikitika kuona watu wakipanga bajeti ya matangazo kwa ramani za namna hiyo.

GPS nayo ina mipaka yake. Penye anga wazi simu hukosea kama mita 5, lakini ndani ya jengo hukisia kwa Wi-Fi na minara ya simu. Kivinjari hurudisha latitudo, longitudo na kipimo cha usahihi kwa mita. Wengi huhifadhi mbili za kwanza na kutupa hiyo ya tatu. Kipimo kikisoma 1,800, mteja yuko popote ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha karibu kilometa 2, na kitone kilichochorwa juu ya duka lako hakina maana. Tena waliokataa ruhusa hawamo kwenye ramani hiyo, kwa hiyo unahesabu waliokubali peke yao.

Njia iliyo sawa ni kulipatia kila bango msimbo wake. Mabango 40, misimbo 40. Mwishoni mwa anwani weka namba ya bango, mfano /K07, halafu uwe na daftari au jedwali linalosema K07 liko wapi, limebandikwa lini na nani. Fundi achukue vipimo vya GPS mara moja tu, siku ya kubandika. Kuanzia hapo kila anayeskani K07 unajua alisimama mbele ya bango gani, na simu yake hukuigusa.

Namba itenganishwe kwa mkwaju (/), si kwa alama ya kuuliza, na anwani yote iandikwe kwa herufi kubwa. Msimbo wa QR una namna ya kubana herufi kubwa, tarakimu na alama chache. Mkwaju umo, alama ya kuuliza haimo. Anwani ya herufi 35 kwa kiwango M (cha kati) cha kusahihisha makosa, yaani uwezo wa msimbo kusomeka hata ukichafuka kidogo, huingia kwenye vimraba 25 kwa 25 ikiwa yote ni herufi kubwa; kwa herufi ndogo inahitaji 29 kwa 29. Vimraba vikiwa vichache huwa vikubwa, na simu yenye kamera hafifu inasoma. Hakikisha seva inaikubali njia yenye herufi kubwa, na acha ukingo mweupe wa vimraba 4 kila upande. Mtu anayeskani akiwa mita 1 anahitaji msimbo wa upana wa kama sentimita 10.

Seva ikishahesabu, imwelekeze mteja kwenye ukurasa wa bei kwa jibu namba 302 (uelekezo wa muda). Ukitumia 301 (uelekezo wa kudumu) kivinjari hukariri njia, mara ya pili hakipiti kwako, na hesabu inapungua bila wewe kujua. Hesabu huongezeka pia bila sababu: mtu akituma kiungo WhatsApp, programu hukifungua yenyewe kutengeneza kionjo cha ukurasa. Ondoa hizo. Saa nazo ziangaliwe, maana seva nyingi huandika saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3. Mteja aliyeskani saa 3 asubuhi ataandikwa 06:00, na wewe utadhani watu wako wanaamka na majogoo.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni la mikono. Kiwanda cha uchapaji kinachapa faili moja mara 40, au fundi anabandika K07 mahali pa K17. Chapa namba kwa maandishi chini ya msimbo, na kila bango liskaniwe hapo hapo kabla fundi hajashuka ngazi.

Kuna kazi zinazohitaji GPS kweli, kama mlinzi wa zamu anayetakiwa kuthibitisha kuwa amefika kila kituo, kwa sababu picha ya msimbo inaweza kuskaniwa ukiwa umelala nyumbani. Hapo mweleze kwanza, omba ruhusa pale anapobonyeza kitufe, na hifadhi desimali 3 tu za latitudo na longitudo, ambazo ni usahihi wa kama mita 110. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na akusanye kwa lengo lililo wazi. Kuonesha bei ya chipsi si lengo linalohitaji kujua mtu amesimama wapi.

Nanyi wasomaji, mkiulizwa ruhusa hiyo kataeni. Ukurasa wa bei au ratiba kwa kawaida utafunguka tu. Kama mlishakubali, ingieni kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya ruhusa za tovuti, mtaikuta orodha ya zote mlizoziruhusu. Ziondoeni moja moja.

Msomaji wako,
Mtengenezaji wa tovuti, Morogoro