Shukrani kwa mama wa kwenye basi la Tanga

Mama uliyekaa dirishani kwenye basi la kwenda Tanga, shikamoo, na asante sana. Jina sikukuuliza. Abiria mmoja alipomfokea mwanangu aache kuongea peke yake, ulimjibu kwa upole: "Mwache, ndivyo anavyofikiri." Kisha ukachukua daftari lake la hesabu, ukaanza kujisemea kwa sauti: "Naulizwa nini? Nianzie wapi? Taratibu. Hapa nimekosea, narudia." Naye akakufuata kwa sauti, halafu kwa kunong'ona, mwisho kimoyomoyo.

Baadaye nilisoma kwamba wanasaikolojia Meichenbaum na Goodman walieleza mpangilio huohuo mwaka 1971, kwa watoto wenye pupa, na kwamba mwanasaikolojia mwingine, Vygotsky, alishasema kabla yao kuwa maneno ya mtoto anayejisemea ndiyo yanayogeuka kuwa fikra. Wewe hukutaja mtaalamu yeyote. Ulimmegea andazi mkaendelea.

Kutulia bado ni shida, hasa jioni. Lakini lile "narudia" amelishika, na siku hizi akikosea hachani karatasi. Kama wewe ni mwalimu (nami nahisi ndivyo), wanafunzi wako wana bahati.